Mwizi wa Vidaka Hakuwa na Jina



Jumapili moja nilitoka Mji Mkongwe, nikapanda daladala katika kituo cha Darajani, nikaenda Bububu kumwamkia mjomba wangu. Nilimkuta ameinama chini ya minazi yake, akiokota vitu vidogo vidogo na kuvitia kikapuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye mazishi."

Nilipochungulia kikapuni nikaona vidaka, vingine sawa na kidole gumba, vingine sawa na yai la kuku. Kila kimoja kilikuwa na doa jeusi ubavuni, kama mahali palipochomwa sindano kisha pakaoza. Kando ya mzee, chini ya mnazi mmoja, palikuwa na mwenge wa makuti makavu na kibiriti juu yake.

Mjomba alinieleza kwamba mkwezi wake amegoma. Alikuwa ameupanda mnazi ule asubuhi, maji moto wakamtambaa shingoni na kwapani, akashuka kwa haraka kuliko alivyopanda. Alipofika chini alitoa neno lake la mwisho: "Mzee, ukiwaondoa hawa ndipo nitakapopanda." Basi mjomba alikuwa ameazimia kuwatia moto chungu hao siku hiyo hiyo. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Vidaka vinaanguka, maji moto wako juu, kwa hiyo maji moto ndio wanaoviangusha.

Nilimwomba jambo moja tu, kwamba anipe muda wa wiki moja. Alikubali kwa shingo upande. Ninayokuandikia leo, ndugu msomaji, ni yale niliyoyapata katika wiki hiyo, na naamini yanamhusu kila mwenye mnazi uani, na kila mama anayeshika mbuzi ya kukunia nazi akakuta nazi ya leo haitoi tui kama ya zamani.

Yafaa tuanze na lugha yetu wenyewe. Wazee waliujua mnazi kwa undani mkubwa, na ushahidi umo katika maneno waliyotuachia. Tunda la mnazi lina jina katika kila hatua ya umri wake: kwanza upunga, kisha kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, na mwisho nazi. Tangu ua hadi nazi iliyokomaa hupita kiasi cha mwaka mzima, na katika mwaka huo wazee hawakuacha pengo lisilo na neno. Hata chungu wanaoshona majani kuwa nyumba walipewa jina, maji moto, na aliyewahi kuumwa nao hahitaji kuelezwa sababu.

Lakini yule anayekichoma kidaka usiku na mchana alijificha nje ya kamusi. Mwizi alikuwa anajulikana kwa wizi wake tu. Vidaka vilipoanguka, wengine walilaumu ukame, wengine udongo uliochoka, na wengine jicho la hasidi. Ni kweli kwamba mnazi wenyewe huangusha sehemu ya vidaka vyake, kwani hauwezi kuvilea vyote, na ukame nao huongeza hasara hiyo. Kwa sababu hiyo hasa ilikuwa vigumu kumtambua mwizi: alikuwa akiiba mahali ambapo kila mtu alikwisha kuzoea kupoteza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, visiwa hivi vikiwa bado chini ya himaya ya Waingereza, mtaalamu wa wadudu aliyeitwa M. J. Way alikuwa akifanya utafiti wake hapa Zanzibar. Mwaka 1951 alichapisha taarifa fupi katika jarida la sayansi liitwalo Nature, akieleza habari za mdudu anayeharibu minazi na uhusiano wake na aina fulani za chungu. Mwaka 1953 alitoa maelezo marefu zaidi. Huko ndiko mwizi wetu alikoanza kuonekana sura.

Ni mdudu wa rangi ya kahawia yenye wekundu, mwenye urefu unaozidi kidogo sentimita moja, mwenye miguu mirefu na vipapasio virefu. Katika ukoo mpana wa wadudu yeye ni jamaa wa kunguni, na kama kunguni hana meno ya kutafuna. Ana mdomo mfano wa sindano. Huudunga katika kidaka kichanga, humimina mate yenye sumu, kisha hufyonza. Mahali alipodunga hufa na kuwa jeusi. Kidaka kikiwa kidogo sana huanguka. Kikiwa kimekwisha pata nguvu huweza kubaki mtini, lakini hukua na makovu, hutoka utomvu unaoganda kama gundi, na mara nyingi nazi yake huwa ndogo na yenye umbo lililopotoka. Mdudu huyu hakomei kwenye mnazi tu. Hushambulia pia mikorosho, miembe, mipera na miparachichi.

Tangu yai hadi mdudu mpevu hupita kiasi cha mwezi mmoja na ushei. Hawi wengi kama nzige au viwavi, na hilo ndilo lililowapoteza watu. Mkulima akitazama mti wake hutarajia kuona jeshi, naye huyu hafanyi jeshi. Wachache tu, waliojificha kileleni kati ya mashina ya makuti, wanatosha kukomba karara lote. Unaweza kuupanda mnazi ulioharibika kabisa usimwone hata mmoja.

Hapa ndipo Way alipogundua jambo ambalo mjomba wangu hakulitarajia. Katika minazi iliyotawaliwa na maji moto, vidaka vilibaki. Katika minazi iliyotawaliwa na chungu wa aina nyingine, hususan wale sisimizi wadogo ambao askari wao wana vichwa vikubwa kupita miili, vidaka vilianguka. Maji moto hulinda mti wao kama askari wa zamu. Huuzunguka mchana na usiku, na mgeni yeyote mwenye nyama humkamata, humvuta miguu huku na huku, na kumpeleka nyumbani kuwa kitoweo. Sisimizi hawana ulinzi wa namna hiyo juu ya karara. Tena ni maadui wa jadi wa maji moto. Hutoka katika viota vyao ardhini, hupanda shina, na huwafukuza kabisa walinzi wa mti.

Kwa maneno mengine, ndugu msomaji, mwenge wa makuti wa mjomba ulikuwa umeelekezwa kwa polisi, na mwizi akiwa anatazama pembeni.

Maji moto wenyewe ni viumbe wa ajabu. Huvuta majani mawili yakutane, kisha mmoja humbeba mtoto wake mdomoni kama fundi cherehani ashikavyo kibweta cha uzi, na mtoto yule hutoa hariri inayoyashona majani hayo pamoja. Hufuga pia wadudu wadogo wa magamba ili wapate utamu wanaoutoa. Mmoja wa wadudu hao wa magamba, ambaye Way alimchunguza pamoja na maji moto katika kazi aliyoichapisha mwaka 1954, ana jina la kitaalamu lililobeba jina la nchi hii: Saissetia zanzibarensis.

Turudi kwa mwizi. Way alikwisha kumjua kwa matendo, lakini hakuwa na jina kamili la kumwita. Katika maandishi yake ya kwanza alimtaja kwa jina la jenasi tu, Theraptus, bila ya jina la pili, yaani kama mtu anayesema "huyu ni wa ukoo wa akina fulani, ila sijui ni nani." Kazi ya kumaliza swali hilo ilifanywa na mtaalamu mwingine, E. S. Brown, aliyechapisha maelezo yake mwaka 1955.

Huenda ukauliza: kumpa mdudu jina kuna ugumu gani? Mzazi humpa mtoto jina siku ya saba, mambo yakaisha. Kwa wataalamu wa viumbe haiwi hivyo. Huchukuliwa wadudu kadhaa, madume na majike, wakatazamwa kwa hadubini. Hupimwa vipapasio, mbawa, miguu na mdomo. Hutazamwa hata viungo vya uzazi, kwa kuwa aghalabu humo ndimo tofauti za siri zilimo. Kisha hulinganishwa na jamaa zao wote waliokwisha kupewa majina, waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho wakiwa wamechomwa pini. Huchorwa picha. Hatimaye huteuliwa mdudu mmoja awe kielelezo, ili hata baada ya miaka mia moja, mtu akitilia shaka, aende akamtazame huyo huyo. Yote hayo huandikwa na kuchapishwa, na jina huwa na maneno mawili kwa kanuni iliyoanzia kwa Linnaeus wa Sweden, ambaye kitabu chake cha mwaka 1758 ndicho kinachohesabiwa kuwa mwanzo wa majina ya wanyama wote.

Brown alipokamilisha ulinganisho wake aliona kwamba mdudu wa minazi hakuwa Theraptus hata kidogo. Alifanana naye kwa sura, lakini alistahili jenasi yake mwenyewe. Basi akamwita Pseudotheraptus wayi. Sehemu ya kwanza inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uongo, yaani "Theraptus wa uongo". Sehemu ya pili ni heshima kwa Way. Waliopanda minazi kwenda kileleni hawamo katika jina hilo, ingawa mnazi haupandwi kwa kalamu. Hiyo ni tabia ya majina: humkumbuka mmoja na kuwasahau wengi.

Je, jina hilo lilituongezea nini? Lilituongezea uwezo wa kuulizana. Mkulima wa Unguja, mtafiti wa Mikocheni na mkulima wa mikorosho wa Mtwara wote wanaweza sasa kujua kwamba wanazungumza habari za mdudu mmoja. Kadhalika ilijulikana kwamba katika Visiwa vya Solomon, mbali kabisa katika bahari ya Pasifiki, kuna jamaa wa mdudu huyu aitwaye Amblypelta cocophaga, naye huangusha vidaka vya huko, na huko pia chungu wanaoshona majani humzuia. Maarifa ya kisiwa kimoja yakawa msaada kwa kisiwa kingine.

Jina lisipokuwa sahihi, hasara yake huonekana katika sufuria. Chukua mfano wa muhogo. Mwaka 1973 alionekana katika nchi za Kongo mdudu aliyefunikwa na unga mweupe, akikausha vichwa vya mihogo. Alikuwa hajulikani na sayansi, akapewa jina la Phenacoccus manihoti mwaka 1977. Kwa kuwa muhogo asili yake ni Marekani ya Kusini, wataalamu walikwenda huko kumtafuta adui wake wa asili. Kaskazini mwa bara hilo walimpata mdudu aliyefanana naye sana, wakafurahi, lakini maadui wa mdudu yule hawakumfaa huyu wa Afrika. Ilikuwa ni aina nyingine, iliyokuja kupewa jina lake mwaka 1981. Mwaka huo huo Anthony Bellotti alimpata yule wa kweli nchini Paraguay. Kutokana na ugunduzi huo alipatikana nyigu mdogo anayemla, akaletwa Afrika, na mihogo ya mamilioni ya watu ikapona. Miaka ya njaa ilitegemea tofauti ndogo zinazoonekana kwa hadubini tu.

Hata kwenye mnazi, tusidhani kwamba kila kovu ni la mwizi mmoja. Yupo pia utitiri wa nazi, Aceria guerreronis, aliyeelezwa na Keifer mwaka 1965 kutokana na nazi za jimbo la Guerrero nchini Meksiko, naye yupo Tanzania. Huyu si mdudu wa miguu sita. Ni wa jamaa ya kupe na papasi, tena mdogo mno, urefu wake kama robo ya milimita, hata jicho tupu halimwoni. Hukaa chini ya vile vigamba vinavyoishika nazi kwenye kikonyo chake. Alama yake huanza kama doa jeupe la pembe tatu linalochungulia chini ya vigamba, kisha hugeuka kahawia na kupasukapasuka kama gome. Ukiona alama hiyo usiwalaumu maji moto kwa uzembe. Mahali pale hawawezi kupenya. Wanaomwinda utitiri huyu ni utitiri wengine, wadogo kama yeye, wanaoweza kumfuata mafichoni. Adui wawili, makovu mawili, walinzi wawili mbalimbali. Asiyejua tofauti atatumia dawa ya mmoja kwa ugonjwa wa mwingine.

Katika miaka ya 1980 na 1990 Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, wenye makao yake Mikocheni, Dar es Salaam, ulilichukua tena suala hili, na majaribio mengi yakafanywa hapa Zanzibar. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulithibitisha kwa vipimo vya Zanzibar kwamba minazi yenye maji moto hupata madhara machache ya mdudu huyu na hubakiza nazi nyingi zaidi. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi nyingine ya Seguni wa Mikocheni pamoja na wenzake wawili, mmoja wao akiwa ni yule yule Way, miaka sitini baada ya taarifa yake ya kwanza. Waliona kwamba shamba likifyekwa likabaki udongo mtupu, sisimizi wenye vichwa vikubwa hupanda mitini na kuwafukuza maji moto. Nyasi na mimea ya chini ikiachwa kiasi, sisimizi huridhika kukaa chini, na maji moto huendelea kutawala juu. Usafi wa shamba tunaousifu huweza basi kuwa mlango wa mwizi.

Mambo ya kufanya si ya gharama. Kwanza, usiwachome moto wala kuwapulizia sumu maji moto walio katika minazi yako. Pili, minazi isiyogusana iunganishe kwa kamba au mtambaazi, ili walinzi wapite kutoka mti hadi mti bila ya kushuka chini waliko maadui wao. Tatu, panda kati ya minazi miti ambayo maji moto huipenda, kama michungwa. Nne, fyeka kwa kiasi, usikwangue ardhi. Wala usidhani haya ni mageni duniani: katika maandishi ya Kichina ya mwaka 304 imetajwa biashara ya kuuza viota vya chungu wa namna hii sokoni, vikinunuliwa na wenye michungwa.

Linabaki suala la mkwezi, nalo si dogo. Mwenye shamba hukaa chini akihesabu nazi, ilhali maumivu ni ya mwingine. Haki yadai kwamba anayeumwa kwa ajili ya faida yetu asikilizwe. Wakulima wengine wenye kutunza chungu hawa hujipaka majivu mikononi na miguuni ili wasishikwe kwa urahisi. Kuongeza kidogo ujira wa mti wenye maji moto nako si hasara, ikiwa mti huo ndio unaozaa.

Jumapili iliyofuata nilirudi Bububu. Sikumhubiria mjomba. Nilimwomba tu tuzunguke shambani pamoja, tuhesabu vidaka vilivyoanguka chini ya kila mnazi, kisha tutazame ni chungu gani wanaopanda shina lake. Tulihesabu minazi kumi na mmoja. Chini ya minazi minne ya maji moto tuliokota vidaka vichache, vingi vikiwa havina doa. Chini ya ile mingine, yenye mistari ya sisimizi, kikapu kilijaa kabla hatujaimaliza. Mzee alisimama kitambo, akageuza kidaka kimoja mkononi, akakitazama lile doa.

"Basi huyu aliyekipiga sindano anaitwaje?"

Nilimtajia jina lake la kitaalamu. Alijaribu kulitamka mara mbili, likamshinda, akacheka. "Lefu kuliko mdudu mwenyewe," alisema.

Ule mwenge wa makuti ulikwenda jikoni, ukawashia moto wa chai. Mkwezi alikubali kurudi kwa ujira ulioongezwa na kopo la majivu, ingawa alisema wazi kwamba hatawapenda maji moto hata siku ya kiyama. Hakuna aliyemlazimisha awapende.

Nawe, ndugu msomaji, kabla ya kuwasha mwenge wako, zunguka kwanza chini ya minazi yako. Hesabu vidaka, tazama shina, soma kovu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nasi tuongeze kwamba akulindaye naye huenda yumo humo humo, na pengine ndiye anayekuuma.